Saa Mbili za Mtoto: Kufanya Kazi Nyumbani na Kulea katika Kata ya Lupingu

1. Utangulizi

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya watendaji wa vijiji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa vikundi vya uzalishaji. Waandaaji wameomba ieleze namna mzazi anayefanya kazi nyumbani anavyoweza kuzalisha kwa tija na kubaki na afya njema, yeye na mtoto wake. Dhana zitapitiwa upesi kwa kuwa washiriki wanazifahamu. Sehemu kubwa itahusu jambo moja ambalo mipango yetu ya lishe imelizunguka kwa miaka mingi bila kuligusa, nalo ni muda wa mlezi. Hoja ya mada ni kwamba mzazi kuwepo nyumbani hakumaanishi kuwa ana nafasi ya kulea. Tusipokubali hilo, tutaendelea kugawa elimu ya lishe kwa watu wasio na saa ya kuitumia.

2. Dhana

Kazi nyumbani ni shughuli ya kujipatia kipato inayofanyika ndani, kibarazani au uani. Itofautishwe na kazi za nyumbani kama kupika, kufua na kuchota maji, ambazo hazilipwi. Tangu 2020 wengi wakisikia habari za kufanyia kazi nyumbani hufikiria mtumishi mwenye kompyuta, lakini fundi cherehani, muuza maandazi na mfinyanzi walitangulia zamani. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 177 kuhusu wanaofanyia kazi nyumbani tangu 1996. Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, hasa katika siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili.

3. Mazingira ya Lupingu

Lupingu ipo mwambao wa Ziwa Nyasa, Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe, chini ya Milima ya Livingstone. Ajira za mshahara ni chache, na sehemu kubwa ya kipato cha kaya hutengenezwa nyumbani au hatua chache kutoka nyumbani. Wanawake wa Kikisi wa mwambao huu wanajulikana kwa ufinyanzi, na vyungu vyao husafirishwa kwa maji na kuuzwa hadi soko la Matema, upande wa Kyela. Samaki wadogo aina ya usipa huanikwa ufukweni, na muhogo huloweshwa, huanikwa na kutwangwa uani. Kwa jicho la mgeni, mama huyu yupo nyumbani na mtoto wake yupo mbele ya macho yake. Hapo ndipo tathmini zetu hukosea.

4. Tatizo lenyewe: mlezi aliyepo lakini hana nafasi

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionesha kuwa asilimia 50.4 ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa, wakati wastani wa kitaifa ni asilimia 30. Iringa ilikuwa juu zaidi, asilimia 56.9, na Rukwa ilikaribiana na Njombe kwa asilimia 49.8. Takwimu hii ni ya mkoa wala haitoi ruhusa ya kudhani kuwa kila kata ina hali hiyo hiyo. Mwambao una samaki na muhogo, nyanda za juu zina viazi na mahindi. Hata hivyo takwimu hiyo inatulazimu tuulize swali gumu. Mikoa hii mitatu ni miongoni mwa inayolisha miji ya nchi hii. Kama chakula kipo, basi upungufu upo mahali fulani kati ya ghala na mdomo wa mtoto, na kinachounganisha viwili hivyo ni mikono ya mtu na muda wake.

Tuangalie mtoto anahitaji nini. Kwa miezi sita ya mwanzo ananyonya tu, usiku na mchana, kila anapotaka. Baada ya hapo tumbo lake bado ni dogo mno kushiba kwa mlo mmoja mkubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mtoto anayenyonya ni milo 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, na milo 3 hadi 4 kuanzia miezi 9 hadi 23, pamoja na asusa. Mlo huo hautengwi ukaachwa. Lazima uandaliwe ukiwa mlaini, umponde samaki na kumtoa miiba, umkalishe mtoto, umbembeleze, umngoje ameze. Mtoto wa mwaka mmoja akiachiwa bakuli hucheza nalo, na kuku humaliza kilichobaki. Ukijumlisha milo, kunyonyesha na usafi, ni saa kadhaa za mtu mzima asiyeshika kitu kingine mkononi.

Sasa tuiangalie kazi. Udongo wa kufinyanga ukishakandwa haungoji. Chungu kilichofika nusu kikiachwa hukauka ukingo na kupasuka. Siku ya kuchoma, moto unataka macho mawili muda wote. Usipa walioanikwa lazima wageuzwe, na wingu likitanda huanuliwa mara moja, la sivyo mzigo wote unaoza. Kazi za namna hii zina saa zake zenyewe, na mtoto naye ana zake. Zikigongana, kinachosubiri ni kile kisichopasuka wala kuoza mbele ya macho. Mtoto aliyekosa mlo wa saa nne haonyeshi ufa siku hiyo. Ufa wake huonekana miaka miwili baadaye kwenye ubao wa kupimia urefu, na wakati huo kuuziba ni vigumu sana. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gae. Katika suala hili, anayelia gae ni mtoto wa mfinyanzi.

Mama mwenyewe hulipa pia. Huinama kwa saa nyingi, huvuta moshi wa jiko na wa tanuru la wazi, na mara nyingi mtoto yupo mgongoni akiuvuta pamoja naye. Kazi iliyokatizwa mchana huhamishiwa usiku, usingizi unapungua, na mwili uliochoka hufinyanga vyungu vichache zaidi kesho yake. Kwa hiyo si kweli kwamba kulea kunapunguza tija. Kinachoipunguza ni kulea na kuzalisha kwa mikono ile ile katika saa ile ile. Mshika mbili moja humponyoka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inalitambua jambo hili kwa mwanamke aliyeajiriwa. Inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Baba hupewa angalau siku tatu. Taifa limekwisha kukiri, kwa maandishi, kwamba mtoto mchanga anastahili sehemu ya siku ya kazi. Lakini mfinyanzi wa Lupingu hana mwajiri wa kumpa saa hizo. Anayeweza kumpa ni kaya yake, kikundi chake na kijiji chake, na hapo ndipo tumekuwa kimya kwa muda mrefu mno.

5. Hoja zinazopinga

Pingamizi la kwanza ni kwamba tatizo ni elimu. Elimu ni muhimu na haipaswi kupunguzwa. Lakini imetolewa kliniki kwa miaka, na sasa hutolewa pia kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe, na halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Pamoja na yote hayo utafiti wa 2022 ulikuta nusu ya watoto wa mkoa wamedumaa. Inasikitisha kuona jibu la kila taarifa ni kuongeza somo, wakati anayefundishwa hajawahi kuulizwa atalitekeleza saa ngapi.

Pingamizi la pili ni kwamba bibi na dada wakubwa wamelea tangu zamani. Ni kweli. Lakini tangu elimumsingi ianze kutolewa bila ada mwaka 2016, dada huyo yuko darasani, na hapo ndipo anapostahili kuwa. Bibi naye ana shamba lake na nguvu zake zina kikomo. Msaada wa zamani umeondoka kwa sababu njema, ila hatukuweka mwingine mahali pake.

Pingamizi la tatu ni kwamba kumshirikisha baba ni kinyume cha mila. Ufinyanzi wenyewe unajibu. Mwanamke hufinyanga, mwanamume hupakia mtumbwini na kwenda kuuza. Mila ya mwambao imejengwa juu ya kugawana kazi. Uvuvi wa usipa wa taa ni wa usiku, na alasiri mvuvi hushona nyavu karibu na nyumbani. Yeye naye ni mzazi anayefanya kazi nyumbani. Kumlisha mtoto mlo mmoja alasiri hakumpunguzii heshima.

Pingamizi la nne ni gharama. Vituo vya kulelea watoto mchana vinatambuliwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, na vimo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021. Kinachopendekezwa hapa si majengo mapya. Ni zamu na kivuli, pamoja na sufuria ya uji.

6. Mapendekezo

(i) Kila kaya yenye mtoto chini ya miaka miwili itenge saa mbili za mtoto kila siku ya kazi, na ijulikane nani anazishika.
(ii) Baba ashike angalau mlo mmoja kwa siku.
(iii) Vikundi vya wafinyanzi na waanika samaki vipange zamu, mama mmoja alee na kulisha watoto wa wenzake wakati wengine wanafanya kazi, naye asikatwe mgawo wake.
(iv) Siku ya kuchoma vyungu, watoto wote wawekwe mbali na moto na moshi chini ya mlezi wa zamu.
(v) Mfinyanzi ainuliwe kutoka chini: meza fupi au kigoda, kivuli, na mapumziko kila baada ya vyungu kadhaa.
(vi) Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yenye asilimia 4 ya wanawake, ikubali gharama za malezi ndani ya andiko la mradi la kikundi.
(vii) Mhudumu wa afya anapoitembelea kaya aulize nani alimlisha mtoto na saa ngapi, si mtoto alikula nini tu.
(viii) Fedha za lishe za halmashauri zitumike pia kununua sufuria, mikeka na unga kwa vikundi vyenye zamu.
(ix) Mikutano, mafunzo na semina za wanawake zisiwekwe saa za milo ya watoto.
(x) Wanaume waalikwe kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kwa barua ya mtendaji, na mahudhurio yao yaandikwe.
(xi) Saa mbili za mtoto ziwe ajenda ya kudumu katika mkutano mkuu wa kijiji.

7. Hitimisho

Baadhi ya mapendekezo haya yanahitaji idhini ya vikao vya halmashauri, na mada hii haiwezi kuvisemea. Lakini la kwanza, la pili na la tatu hayangoji bajeti. Kikundi chenye wanawake kumi kinaweza kuanza zamu wiki hii. Inapendekezwa kila kiongozi aliyepo aondoke na orodha ya kaya zenye watoto chini ya miaka miwili katika kitongoji chake, na mbele ya kila jina aandike jibu la swali moja: saa mbili za mtoto huyu anazo nani?