Aendaye Kazi Mbali na Nyumba Aiachayo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kintinku)



Twashukuru kwa heshima tuliyopewa ya kusema jioni hii juu ya jambo ambalo kila karani hulikuta mezani pake, nalo ni watu waondokao kwao kwenda kutafuta kazi mbali. Swali letu ni hili: sheria za safari za kazi zawezaje kuifaidia nchi iliyomtoa mtu, wala si ile tu iliyompokea? Wengine hujibu upesi kwamba fedha ziletwazo zatosha. Sisi twaona sivyo. Fedha huja au haziji kwa kadiri ya sheria iliyompeleka mtu, iliyomlinda akiwa huko, na iliyomrudisha.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Reli ya Kati, ipitayo hapa Kintinku baina ya Dodoma na Manyoni, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa njia hiyo watu wa bara walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Kilosa na Morogoro, na wengine waliendelea hata Tanga. Waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi yao ya kuandika watu, nayo ilitafuta wafanyakazi katika majimbo yaliyo mbali na mashamba.

Hatusemi kwamba utaratibu ule haukuwa na jema ndani yake. Chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1923, mtu wa mkataba alisomewa masharti mbele ya afisa, akapewa posho ya njiani na nauli ya kurudi. Mwaka 1926 Idara ya Kazi ilianzishwa chini ya Meja Orde-Browne ili kuyaangalia mambo hayo. Lakini aliyeacha kazi kabla ya muda wake aliweza kushtakiwa. Na mwenye kipande hakulipwa mwisho wa mwezi, bali alipotimiza siku 30 za kazi.

Tena iko hesabu moja ambayo haikuandikwa katika mkataba. Ujira ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja. Mke, watoto na wazee hawakuhesabiwa, maana ilidhaniwa kwamba shamba la nyumbani litawalisha. Basi ni nani aliyesaidia kulisha mashamba ya mkonge? Ni mwanamke aliyebaki bara akilima uwele na mtama peke yake. Na mtu alipougua au kuzeeka alirudi kwao, na kijiji ndicho kilichokuwa hospitali yake na kiinua mgongo chake.

Nanyi mwaijua nchi hii ya Ugogo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na shamba lililopitwa na mvua za kwanza aghalabu limepotea. Mikono ikikosekana majuma yale machache, shilingi za mwaka mzima zitarudi kununua chakula ambacho kingaliweza kulimwa. Wazee wetu waliiita Mtunya njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi kuchukua wapagazi, ng'ombe na nafaka. Nchi iliyonyang'anywa nguvu zake pamoja na akiba yake haikuwa na cha kuizuia njaa.

Shirika la Kazi la Kimataifa lililiona jambo hili. Mkataba wake wa 1936 juu ya kuandika wafanyakazi wenyeji uliagiza kwamba kabla ya kuruhusu watu waandikwe mahali, wakuu wafikiri kwanza kuondolewa kwa wanaume kutaleta nini katika chakula na maisha ya jamaa. Agizo lile lilikuwa jema. Lakini aliyepewa kazi ya kufikiri ni afisa. Mwanamke aliyebaki na jembe hakutajwa kuwa wa kuulizwa.

Yafaa tutazame nchi nyingine pia. Katika mapatano ya 1928 baina ya Ureno na Afrika Kusini, sehemu ya mshahara wa wachimbaji wa Msumbiji ilizuiwa hata warudi kwao. Baadaye Ureno ilipokea fedha zile kwa dhahabu yenye bei ya serikali, ikaiuza kwa bei kubwa zaidi. Faida ile haikuwa ya mchimbaji. Mwaka 1974 serikali ya Lesotho iliamuru asilimia 60 ya mishahara ya wachimbaji wake iwekwe katika Benki ya Lesotho. Mwanzoni mwa 1975 wachimbaji wa Kisotho walifanya ghasia migodini kwa kulipinga agizo hilo. Twajifunza kwamba akiba ni njema, ila mwenye jasho asipoulizwa, ataiona akiba kuwa kodi.

Sasa tuje kwenye siku hizi. Mwaka 2024 Wakenya walioko nchi za nje walipeleka kwao zaidi ya dola bilioni 4.9, fedha nyingi kuliko zile Kenya ipatazo kwa chai. Lakini kupeleka fedha kwalipiwa. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliazimia kwamba ifikapo 2030 gharama iwe chini ya asilimia 3. Hata hivyo katika Afrika kusini ya Sahara imekuwa karibu asilimia 8. Atumaye dola 200 huacha njiani dola 16 hivi, nazo zingeweza kununua mbegu. Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Zaidi ya mara moja Benki ya Dunia imezitaja njia za kutuma fedha kutoka Tanzania kwenda nchi jirani kuwa miongoni mwa zenye gharama kubwa kabisa. Jirani aliyekuja kwetu kwa kazi naye ana mama anayemngoja.

Liko na jambo zito zaidi. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2017, juu ya wanawake wa Tanzania wafanyao kazi za nyumbani Oman na katika Falme za Kiarabu, ilieleza pasipoti zilizoshikwa na waajiri na mishahara isiyolipwa. Hapa twaiona tena ile sheria ya zamani ya kumshtaki aachaye kazi. Mtu asiyeweza kumwacha bwana mbaya hawezi kudai ujira wake, na asiyelipwa hana cha kupeleka nyumbani. Kwa hiyo uhuru wa mfanyakazi huko ugenini ni sehemu ya maendeleo ya kijiji chake.

Na fedha zikifika zaweza kuongezwa. Kuanzia 2002 nchi ya Meksiko ilikuwa na mpango ambao kwa kila peso moja iliyochangwa na vyama vya watu wake walioko Marekani kwa kazi ya kijiji, serikali kuu, jimbo na mji ziliongeza peso moja moja. Wenye kutoa walikuwa na sauti katika kuchagua kazi ya kufanywa.

Kwa hayo twaomba chama kikubali mambo matatu.

Kwanza, karani yeyote aletewaye mkataba wa kazi ya mbali ausome wote kwa sauti, kwa Kigogo ikiwa Kiswahili hakieleweki, bila kutaka malipo. Na nakala moja ibaki na jamaa wa msafiri.

Pili, chama kiwaandikie wakuu kuomba kwamba kila mkataba utaje nauli ya kurudi na haki ya kuacha kazi, na kwamba bei ya kupeleka fedha ibandikwe ukutani, mahali pa kusomeka.

Tatu, mabaraza ya vijiji yanapofikiri juu ya watu wanaoondoka, wanawake wanaobaki wawe wa kwanza kusema, maana wao ndio wajuao shamba limekosa mikono mingapi.

Mabwana na Mabibi, kalamu yetu ni ndogo, lakini mara nyingi ndiyo ya mwisho kuguswa na msafiri kabla hajapanda gari la moshi. Na tuitumie vema.