Simba wa Msitu Mmoja



Mfugaji wa Narok au wa Kajiado asikiapo simba akinguruma usiku karibu na boma lake, hahitaji kuambiwa na mtu ye yote kwamba simba yungali hai duniani. Huenda akasema kuwa wamezidi. Hata hivyo napenda kuwasimulia habari za simba wa nchi ya mbali, kwa maana yaliyowapata hao yanatuhusu sana sisi wenye ng'ombe, mbuzi na mbwa.

Zamani simba hawakuwa wa Afrika peke yake. Walienea kutoka Uturuki na Shamu, wakapita Iraki na Ajemi, hata wakafika katikati ya Bara Hindi. Bunduki ziliwamaliza, na mashamba yakachukua mahali pa mawindo yao. Ukoo wa simba wa Rasi, kule Afrika Kusini, ulikwisha katika karne ya 19. Katika milima ya Atlas, nchi ya Moroko, simba mmoja wa mwisho alipigwa risasi mwaka 1942. Wale wa Ajemi nao walitoweka katika miaka hiyo hiyo. Basi katika Asia nzima ukabaki msitu mmoja tu wenye simba, nao ni Gir, katika Kathiawar, jimbo la Gujarat.

Jina la Kathiawar si geni Afrika ya Mashariki, kwani jamaa nyingi za wafanya biashara Wahindi zilitoka huko. Lakini ni wachache wajuao kwamba katika vijiji vya Sirwan na Jambur, huko huko Gir, wanakaa Masidi, ambao mababu zao walikuwa watu wa Afrika.

Simba wa Gir hutofautiana kidogo na wetu. Manyoya ya kichwani mwa dume ni haba, hata masikio yake huonekana wazi, na chini ya tumbo ana mkunjo mrefu wa ngozi. Mwaka 1900 ulipowadia walikuwa wamebaki wachache mno. Waliookoka, waliokolewa na Nawabu wa Junagadh, mtawala wa nchi ile, aliyekataza watu kuwawinda. Walipohesabiwa mwaka 1936 walipatikana 287; mwaka 1968 walikuwa wameshuka hata 177. Mwaka 1975 sehemu ya msitu ilifanywa mbuga ya taifa, na kutoka hapo hesabu ikapanda: 523 mwaka 2015, 674 mwaka 2020, na 891 mwaka 2025.

Hiyo ni kazi ya kusifiwa, lakini haikufanyika bure. Wafugaji wa msitu ule, waitwao Maldhari, hufuga nyati wa maziwa, na simba huwala. Serikali hulipa fidia kwa mnyama aliyeuawa. Jamaa nyingi za Maldhari zilihamishwa zikatolewa msituni katika miaka ya 1970, na kwa maoni yangu hao ndio waliolipa sehemu kubwa ya gharama.

Sasa nifikie jambo lenyewe. Mtu mwenye ng'ombe mia akiwaweka wote katika boma moja, naye jirani akawa na boma tano, ni nani atakayelala usingizi siku maradhi ya ng'ombe yaingiapo nchini? Simba wa Gir ni wa boma moja. Tena wote wametokana na wazazi wachache, nao wamekaribiana mno kwa damu.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa, unaoletwa na virusi vya distempa, uliwaingia simba wa Serengeti ukavuka hata Maasai Mara. Theluthi moja ya simba wa Serengeti ilikufa, wapata 1,000 kwa jumla. Wataalamu waliona kuwa chanzo ni mbwa wa vijijini. Simba walirudi kuongezeka, kwa kuwa nchi ile ni pana na waliosalia walikuwa wengi. Na mbwa wa vijiji vilivyo kando ya mbuga wakaanza kuchanjwa. Mbwa alindaye zizi lako, basi, aweza kuua simba wengi kuliko mkuki, naye asimwume hata mmoja.

Mwezi wa Septemba 2018 ugonjwa ule ule ulionekana Gir. Katika majuma machache simba zaidi ya 20 walikufa, na chanjo ikaagizwa kwa haraka kutoka Marekani. Ulizuiwa. Lakini miaka mitano kabla yake, mwaka 2013, Mahakama Kuu Kabisa ya India ilikuwa imeamuru baadhi ya simba wahamishiwe Kuno, katika jimbo la Madhya Pradesh, ili ukoo huo uwe na makao ya pili. Jimbo la Gujarat, ambalo huwaona simba hao kuwa fahari yake, lilikuwa limepinga. Simba wenyewe wamekwisha kutawanyika, hata katika hesabu ya 2025 zaidi ya nusu walikuwa nje ya mbuga, mashambani na pwani, na wachache wamefika milima ya Barda. Lakini hayo yote ni Gujarat. Huko Kuno waliletwa duma kutoka Namibia mwaka 2022. Hata hesabu ya mwaka 2025 ilipotangazwa, hakuna simba wa Gir aliyekuwa amepelekwa.