Taarifa ya Tawi: Ubia wa Lambo, Tusome Kwanza Ndipo Tunyooshe Mikono



Haya ni maneno yaliyosomwa na Katibu kwenye kikao cha Tawi. Tunayatuma hapa ili na waliokuwa mashambani wayapate. Msomee na jirani asiye na simu.

Wazee wetu, akina mama, vijana,

Mkutano mkuu wa kijiji unakuja na ajenda kubwa ni lambo. Limejaa tope. Amejitokeza mwekezaji anayetaka kulichimba kwa gharama zake, naye apewe kingo alime mboga na kufuga samaki. Wengine wameshasema ndiyo, wengine wanasema tunauzwa. Sisi viongozi wa Tawi tunasema tupige hesabu kwanza.

*1. Kwa nini ubia unazungumzwa*

Malambo mengi ya Usukumani yalichimbwa miaka ya 1940 na 1950, wakati wa mkoloni. Kila masika udongo wa mashamba yetu huingia ndani. Chukueni mfano wa lambo la ekari 2. Kuongeza kina kwa mita 1 tu ni kutoa tope mita za ujazo 8,000, yaani tripu 800 za lori la mita 10. Kazi hiyo haiishi kwa majembe ya nzengo.

Kina kina maana. Jua la kiangazi hunywa maji kutoka juu, liwe lambo refu au fupi. Lambo fupi linakauka lote, refu linabaki na akiba. Ng'ombe 500 wakinywa lita 30 kila mmoja kwa siku, ndani ya miezi sita wanahitaji lita milioni 2.7. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwa Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, uliopitishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, tunaushukuru. Lakini kundi la ng'ombe 500 haliwezi kunyweshwa kwa ndoo za bombani.

*2. Wenzetu yaliwakuta nini*

Dar es Salaam, mwaka 2003, kampuni ya City Water ilipewa mkataba wa miaka 10 wa kuendesha huduma ya maji. Mwaka 2005 serikali iliuvunja kwa sababu utendaji haukuridhisha. Kesi ziliendelea hadi 2008. Serikali ilikuwa na wanasheria. Kijiji kikigombana na mbia wake kitamtuma nani?

Jambo la pili ni Bonde la Msimbazi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kudhibiti mafuriko, kujenga daraja jipya la Jangwani na kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji. Waliokuwa wakiishi mle walilipwa fidia wakahama. Funzo kwetu ni kwamba maji yakitengenezwa, ardhi ya kandokando inapanda thamani. Anayeomba kingo za lambo leo anaomba kitu ambacho kesho kitakuwa ghali kuliko tope alilolitoa.

*3. Msimamo wa Tawi*

Hatukatai mbia. Tunataka mambo haya yaandikwe kabla ya mkono kunyooshwa:

• Kina kitakachochimbwa, kwa mita, na nani atakipima. Kwenye pamba tunasimama pale mizani ilipo, na hapa tusimame vivyo hivyo.
• Njia ya mifugo, mbauti ya kunyweshea na sehemu ya akina mama kuchota maji, bila malipo, kwa muda wote wa mkataba.
• Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Bustani ianzie wapi? Afisa mazingira wa wilaya aje aweke alama.
• Kibali cha kutumia maji kutoka ofisi ya bonde, na kiasi cha maji atakachovuta kiangazi. Maji yakishuka hadi alama fulani, pampu yake izimwe, ng'ombe wanywe.
• Mwaka wa mwisho wa mkataba, na kwamba kila kilichojengwa kinabaki kijijini.
• Mapato ya kijiji yasomwe hadharani kila robo mwaka.

Mwanasheria wa halmashauri ausome mkataba kwanza. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Idhini hiyo ni ninyi.

*4. Upande wetu wa daftari*

Tope linatoka kwetu. Tukilima hadi ukingoni na kupitisha ng'ombe popote, mbia atachimba na sisi tutafukia. Kila nzengo ipange siku za kuweka matuta na kupanda nyasi upande wa juu wa lambo kabla ya mvua.

Ndugu wanachama, mkutano wa kijiji si wa chama. Ni wa wananchi wote, na kila mmoja ana mkono wake. Fikeni mapema, ombeni mkataba usomwe wote kwa sauti, kwa Kiswahili, na pale isipoeleweka ufafanuliwe kwa Kisukuma. Usiposomwa, tusipige kura siku hiyo. Lambo limesubiri miaka. Litasubiri wiki mbili.



Katibu wa Tawi
Shishiyu