Rubani Akikosea, Ndege Itafanya Nini?

(Hotuba kwa wanachama na wanafunzi)



Nimeombwa niseme machache juu ya ndege ambazo mtu hujiundia nyumbani, ama kwa ramani ama kwa vipande vilivyotayarishwa kiwandani. Wengi huuliza kwanza habari za injini. Mimi naomba tuulize jingine: rubani akikosea, ndege itafanya nini?

Bawa hubeba ndege kwa kuikabili hewa kwa pembe ndogo. Pembe hiyo ikizidi, yapata digrii 15 kwa mabawa mengi, hewa huacha kuufuata mgongo wa bawa, nalo bawa huacha kubeba, hata kama injini inanguruma. Ndege yenye tabia njema huinamisha pua yenyewe, ikapata mwendo, ikabeba tena. Yenye tabia mbaya hulaza bawa moja ikaanguka kwa kuzunguka. Na karibu na ardhi hapana nafasi ya kujiokoa.

Mfaransa Henri Mignet alitaka kuiondoa hatari hiyo. Mwaka 1933 alirusha kindege chake, Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani. Kilikuwa na bawa la mbele lililoinamishwa na kuinuliwa kwa usukani, na jingine nyuma yake, karibu sana. Mwaka 1934 alitoa kitabu cha maelezo, na watu wengi wa Ufaransa na Uingereza wakajiundia. Kisha marubani kadhaa wakafa: pua iliinama, ikakataa kuinuka. Mwaka 1936 ndege nzima ilipimwa katika vyumba vya upepo vya nchi hizo mbili. Ikaonekana kwamba pua ikiinama kupita kiasi, hewa ipitayo kwenye mwanya wa mabawa hulitia nguvu bawa la nyuma, mkia ukazidi kuinuliwa, na usukani ukashindwa. Mignet aliurekebisha mpango wake. Lakini dawa ya hatari moja ilikuwa imekwisha zaa nyingine.

Mwaka 1975, huko Marekani, ndege ya Burt Rutan iitwayo VariEze iliruka. Hiyo ina kibawa kidogo mbele, kilichopangwa kishindwe kwanza. Kikishindwa, pua hushuka, na bawa kubwa lingali linabeba. Ni mpango mzuri, ila hutegemea uzito kukaa mahali pake. Mzigo ukirudi nyuma kupita mpaka, bawa kubwa laweza kutangulia kushindwa, na hapo hakuna cha kuishusha pua.

Basi vijana, atakayeunda ndege asione uchovu kuipima kwenye mizani, gurudumu kwa gurudumu, kabla ya kuirusha. Asibadili ramani kwa kupendezwa na umbo. Na majaribio ya kupunguza mwendo yafanywe juu sana, bila abiria. Hewa haijali bidii ya fundi. Hujali pembe na uzito tu.