Mlengaji Hodari Hana Hirizi
(Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Masimba)



Kila aliyelelewa katika vilima vya Kisii amesikia habari za kazi ya kulinda wimbi. Nafaka ilipoanza kuiva, ndege walikuja kwa makundi, na mtoto alikaa shambani tangu alfajiri, kombeo mkononi na mawe miguuni pake. Siku ya kwanza jiwe lake lilikwenda kila mahali ila pale alipotaka. Mwisho wa msimu aliweza kulipiga tawi lile lile alilotua ndege. Hakuna mtu aliyeuliza mtoto huyo alipewa dawa gani. Watu wote walijua kwamba alirusha mawe mengi, na kwamba alikosa mara nyingi kabla ya kupata.

Lakini kombeo likiisha kuwa bunduki, mawazo ya watu hubadilika. Wakisikia habari za mtu aliyepasua karata kwa risasi, au aliyevunja kitu kilichokuwa nyuma ya mgongo wake, husema upesi, "Huyo ana kitu." Basi mazungumzo haya yanahusu kitu hicho. Yafaa watu wajue ni nini hasa, kwa maana wako wengi katika Afrika ya Mashariki waliopoteza maisha yao kwa kutokijua.

Katika karne ya 19 walikuwako Marekani watu waliopata riziki yao kwa kulenga shabaha mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Mmoja wa waliojulikana kuliko wote alikuwa mwanamke. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Phoebe Ann Mosey, lakini dunia ilimjua kwa jina la Annie Oakley. Alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la Ohio, katika nyumba ya wakulima maskini. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mtoto mdogo, na chakula kikawa haba nyumbani. Binti huyo akachukua bunduki, akaanza kuwinda. Nyama nyingine ililiwa na jamaa yake, nyingine iliuzwa madukani. Mtu awindaye kwa sababu ya njaa hana baruti ya kuchezea. Kila akosapo, fedha zimepotea na sufuria ni tupu. Huo ndio uliokuwa mwalimu wake wa kwanza.

Baadaye alishindanishwa na mlengaji mwenye sifa aliyeitwa Frank Butler, naye akamshinda. Butler hakuona haya wala hakuweka kinyongo. Alimwoa binti yule, na alipotambua kwamba mkewe amempita kwa ustadi, aliacha kutafuta sifa zake mwenyewe akawa msimamizi wa kazi ya mkewe. Mwaka 1885 wakajiunga na maonyesho makubwa ya Buffalo Bill, na mwaka 1887 wakafika London, ulipokuwa ukisherehekewa mwaka wa 50 wa utawala wa Malkia Victoria. Malkia mwenyewe alitazama maonyesho hayo.

Mambo aliyoyafanya yalikuwa ya kustaajabisha. Karata iligeuzwa ubavu, hata ukingo wake tu ukaonekana, mwembamba kama uzi, naye akaikata kwa risasi. Alipiga sarafu iliyotupwa hewani. Alilaza bunduki begani, mtutu ukielekea nyuma, akatazama katika kioo kidogo, akavunja shabaha ambayo macho yake hayakuielekea.

Je, mambo hayo yaliwezekanaje? Kila moja lina sababu, na sababu zenyewe si siri. Kitu kilichotupwa juu hupanda kwa kasi, kisha kasi hupungua, na kinapofika kileleni husimama muda mfupi kama kufumba jicho, kabla ya kuanza kushuka. Mtazamaji haoni kituo hicho, lakini mlengaji hukingojea. Kitu kirukacho kwa kukata mbele yake hakilengwi pale kilipo, bali pale kitakapokuwa, kama mchezaji ampigiavyo mwenzake mpira mbele ya miguu yake na si mgongoni. Na kioo kinageuza mkono wa kuume kuwa wa kushoto, kwa hiyo aliyezoea kukitumia amelazimika kuufundisha mkono wake kwenda kinyume na jicho, jambo ambalo lahitaji miezi mingi ya subira.

Zaidi ya hayo kuna mwili wenyewe. Mlengaji hodari huvuta pumzi, huiachia nusu, kisha huizuia, kwa sababu kifua kikipanda mtutu nao hupanda. Kifyatuo hakinyakui kwa kidole, bali hukikaza polepole, kama mtu akamuaye ng'ombe asiyetaka kumshtua. Akikivuta kwa haraka, bunduki hutikisika, na kutikisika kwa upana wa punje ya wimbi penye mkono huwa ni kukosa kwa upana wa mlango mbali kule. Huo ndio ufundi. Waweza kufundishwa, waweza kujaribiwa mbele ya watu, na asiye nao hugundulika mara moja.

Yafaa kusema pia kwamba katika viwanja vya maonyesho haikuwa kila mara risasi moja moja iliyotumika. Walipovunja tufe za kioo hewani, hasa kutoka juu ya farasi akimbiaye, mara nyingi walitia marisau madogo badala ya risasi nzima. Risasi nzima huruka mbali sana, nayo ingaliweza kumwua mtu aliye nje ya uwanja. Marisau hutawanyika, kwa hiyo kazi huwa nyepesi kidogo. Hilo halikuwaondolea heshima walengaji wale, kwani huonyesha kwamba walifikiri kwanza juu ya mahali risasi itakapoangukia.

Atakaye kujua gharama ya ufundi huo na atazame habari za Mmarekani mwingine, Adolph Toepperwein wa Texas. Mwezi wa Desemba mwaka 1907, katika mji wa San Antonio, alilenga vipande vidogo vya mti vilivyotupwa hewani kimoja kimoja. Alifanya kazi hiyo siku 10. Vipande vilivyotupwa vilikuwa 72,500, naye alikosa 9 tu. Wastani wake ni zaidi ya vipande 7,000 kila siku, mikono ikiuma na macho yakiwaka. Mkewe, Elizabeth, naye alikuwa mlengaji wa maonyesho mwenye jina kubwa.

Na Kenya imepata mwanamke wake. Shehzana Anwar alishindana kwa upinde na mshale katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2016 huko Rio de Janeiro, na siku ya ufunguzi ndiye aliyebeba bendera ya Kenya mbele ya wanamichezo wenzake. Katika mashindano hayo shabaha huwekwa umbali wa mita 70, na duara la katikati lenye alama 10 lina upana wa sentimita 12 na kidogo, usiozidi kisahani cha kikombe. Hakuna hirizi inayomfikisha mtu huko.

Lakini liko onyesho la namna nyingine, ambalo si la kulenga bali la kulengwa. Humo mtu husimama mbele ya bunduki, bunduki hulia, naye huonyesha risasi aliyoidaka kwa meno au kwa kitu alichokishika. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria mfanya mazingaombwe mashuhuri, Jean-Eugène Robert-Houdin. Huko walikuwako watu wa dini walioheshimiwa kwa miujiza, na Wafaransa walitaka kuonyesha kwamba uwezo wao ni mkubwa zaidi. Robert-Houdin akamwita mtu ampige risasi, naye akaidaka. Watu wakaogopa. Kumbe hakuwa na kinga yoyote. Risasi ya kweli ilikuwa imebadilishwa kwa hila kabla ya kufyatuliwa. Hivyo ndivyo hata serikali ilivyotumia kiini macho kuwatisha watu.

Onyesho hilo lina mwisho wake. Usiku wa tarehe 23 Machi mwaka 1918, katika ukumbi mmoja wa London, mfanya mazingaombwe aliyejiita Chung Ling Soo alisimama mbele ya bunduki mbili kama alivyofanya mara nyingi. Watu walimdhani ni Mchina asiyejua Kiingereza, kumbe alikuwa Mmarekani, jina lake William Robinson. Bunduki zake zilitengenezwa kwa namna ya pekee, ili moto uwake katika mwanzi wa chini na risasi ibaki salama ndani ya mtutu. Lakini chuma kilikuwa kimelika kwa miaka mingi, baruti ikapenya mahali isipopasa, na risasi ikatoka kweli. Hapo ndipo watazamaji walipomsikia mara ya kwanza akisema Kiingereza, akiomba pazia lishushwe. Alikufa siku ya pili yake. Njia ya mwongo ni fupi, hata kama mwongo mwenyewe ni fundi.

Robinson alijua kwamba ni hila, na bado alikufa. Je, wale wasiojua? Mwaka 1905, katika kusini ya Tanganyika, iliyokuwa chini ya Wadachi, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya dawa, na ikaenea imani kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Watu walikuwa na haki ya kukasirika, kwani walilazimishwa kulima pamba na kuteswa. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule, katika boma la Mahenge, maelfu waliiendea bunduki ya rashasha wakiitumaini dawa, nayo haikuwaponya. Vita hivyo vilikwisha mwaka 1907, na wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, walikuwa kati ya 75,000 na 300,000. Miaka 80 baadaye, mwaka 1986 na 1987, wafuasi wa Alice Lakwena katika Uganda walipakwa mafuta wakaambiwa kwamba risasi hazitawadhuru. Wengi walianguka njiani, na karibu na Jinja jeshi lao likavunjwa. Lakwena mwenyewe alikimbilia Kenya.

Nchi ya Kisii nayo inajua chuma kilivyo. Mwezi wa Januari mwaka 1908 Otenyo alimchoma kwa mkuki afisa wa Kiingereza, Northcote, na serikali ikaleta askari wenye bunduki. Wakisii wengi wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa, na nyumba zikachomwa. Ushujaa wa vijana wale haukupungua kitu. Lakini risasi haiulizi kama aliye mbele yake ni shujaa au mwoga, wala haisomi kilichofungwa shingoni mwake.

Kwa hiyo akija mtu sokoni, hapa Masimba au penginepo, akiwaambia vijana kwamba anayo hirizi ya kuzuia risasi, hapana haja ya kubishana naye sana. Na aulizwe neno moja tu: mbona yeye haendi mbele, ila huwatuma wana wa watu wengine? Annie Oakley alionyesha ufundi wake mchana, mbele ya maelfu, na kila mtu aliweza kuziokota karata zake na kutazama matundu. Mwuza hirizi hutaka fedha kwanza, na mnunuzi akifa, husema kwamba alivunja mwiko.

Liko jambo jingine kwa vijana na watoto wenye manati. Mafundi wale walishika kanuni chache bila kuchoka. Bunduki huhesabiwa kuwa ina risasi hata kama imefunguliwa sasa hivi. Mtutu hauelekezwi kwa kitu ambacho mtu hataki kukiharibu. Na kabla ya kufyatua, hutazamwa kilichoko nyuma ya shabaha. Mwezi wa Septemba mwaka 1951, katika mji wa Mexico, mwandishi wa Marekani aitwaye William Burroughs, akiwa amelewa katikati ya marafiki, alitaka kuonyesha shabaha yake. Mkewe, Joan Vollmer, akaweka bilauri kichwani. Risasi ilimpata mama yule, akafa, na watoto wakabaki bila mama. Manati nayo hupofusha jicho kwa jiwe dogo. Asiwepo mtoto atakayewekewa kopo kichwani ili mwenzake asifiwe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliyeinama miaka mingi, akahesabu makosa yake na kuyasahihisha, huyo ndiye mwenye "kitu" kile ambacho watu hukisema kwa kunong'ona. Ufundi wa mkono, wa jicho na wa subira hupatikana katika kazi yoyote: kwa mchonga mawe ya Tabaka, kwa mchuma chai, kwa fundi wa cherehani katika baraza ya duka. Hauuzwi katika kifuko cha ngozi, na haujawahi kumwambia mtu yeyote asimame mbele ya bunduki.