Hesabu ya Watafuta Mafuta Ilivyoingia Kwenye Kifafa

Leo tunaanzia Jena, mji wa Ujerumani, mwezi Julai 1924. Daktari wa magonjwa ya akili, Hans Berger, amempata kijana wa miaka 17 aliyepasuliwa kichwa na kubaki na pengo kwenye fuvu. Juu ya pengo hilo Berger anaunganisha waya, anautazama mtambo wake wa kupimia umeme, na mtambo unatikisika. Ubongo wa binadamu unatoa umeme, tena kwa mdundo.

Umeme huo ni mdogo mno, unapimwa kwa sehemu za milioni za volti. Mwingereza Richard Caton alikwisha kuuona kwa sungura na nyani mwaka 1875, lakini kwa binadamu Berger alikuwa wa kwanza, naye hakuyaamini macho yake. Alinyamaza miaka mitano. Alipima na kupima tena, hata mwanawe Klaus akakalishwa kitini mara nyingi, ndipo mwaka 1929 akachapisha. Wenzake wengi wakampuuza. Mambo yalibadilika mwaka 1934, pale Edgar Adrian wa Cambridge, ambaye tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel, alipopimwa kichwa chake mwenyewe mbele ya wanasayansi wenzake na mdundo uleule ukaonekana.

Mwaka uliofuata, kule Boston, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox waliwapima wagonjwa wa kifafa cha kuduwaa, kile ambacho mtoto anakodoa macho sekunde chache halafu anaendelea na shughuli zake asijue kilichompata. Kwenye karatasi kukatokea ncha kali ikifuatwa na wimbi pana, ncha na wimbi, ncha na wimbi, mara tatu kila sekunde. Ugonjwa ambao watu waliubebesha mapepo na laana kwa karne nyingi ukawa na alama inayosomeka kwa wino.

Lakini nani aisome? Karatasi ya kipimo hiki, ambacho hospitalini wanakiita EEG, kwa kawaida ilikwenda sentimita 3 kwa sekunde. Saa moja tu ni zaidi ya mita 100 za karatasi, na mtaalamu alizipitia kwa macho, ukurasa baada ya ukurasa.

Hesabu ya kusaidia ilikuwepo tangu zamani. Mfaransa Joseph Fourier, yule aliyekwenda Misri na jeshi la Napoleon, alikuwa akichunguza namna joto linavyosafiri ndani ya vitu. Katika kitabu chake cha 1822 alionyesha kwamba mchoro wenye vurugu unaweza kugawanywa kuwa mawimbi laini, mengine ya kasi, mengine ya polepole. Gibbs na fundi wake Albert Grass waliutumia uchambuzi huo kwenye umeme wa ubongo mwaka 1938.

Ukaleta faida, na ukaacha pengo. Mwenye duka akijumlisha mauzo ya mwezi mzima atajua aliuza sukari kilo ngapi, ila daftari la jumla halitamwambia ni siku gani watu walipanga foleni. Uchambuzi wa Fourier ni wa namna hiyo: unakupa kiasi cha kila kasi, saa unaipoteza. Na kifafa, msikilizaji, ni habari ya saa. Kinaanzia wapi, kinabadilika lini, kinakwisha lini.

Mwaka 1946 Dennis Gabor alipendekeza kuukata mchoro vipande vifupi na kuchambua kila kimoja. Sawa, lakini kipande kiwe na urefu gani? Ile ncha kali hudumu chini ya sehemu 70 za elfu za sekunde, ilhali wimbi linaloifuata huchukua karibu theluthi ya sekunde. Kipande kifupi kinalikata wimbi; kirefu kinaimeza ncha.

Jibu halikutoka hospitali. Lilitoka kwa watafuta mafuta, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi katika habari hii yote. Jean Morlet alikuwa mhandisi wa kampuni ya Elf Aquitaine, Ufaransa. Kazi yake ilikuwa kusoma mwangwi: unatuma mtikisiko ardhini, unasubiri urudi, kisha unakisia miamba iliyoko chini. Naye alisumbuliwa na vipande hivyohivyo vya urefu mmoja. Akachukua kiwimbi kimoja kifupi, kinachozaliwa na kufa haraka, akawa anakivuta kinapotafuta mambo ya polepole na kukibana kinapotafuta ya kasi, huku akikisogeza kando ya mchoro wote. Mwanafizikia Alex Grossmann wa Marseille akampa msingi wa kihesabu, na mwaka 1984 wakachapisha pamoja. Yves Meyer, Stéphane Mallat na Ingrid Daubechies wakaiendeleza hesabu hiyo; viwimbi vya Daubechies vya 1988 ni vifupi na vyepesi kwa kompyuta.

Miaka ya 1990 hesabu hiyo ikaingia kwenye kifafa. Kundi la Buenos Aires, wakiwemo Susana Blanco, Osvaldo Rosso na Rodrigo Quian Quiroga, lilichukua kile kifafa kikubwa cha kuanguka. Tabu yake ni kwamba misuli inayokakamaa hutoa umeme wake na kuufunika wa ubongo. Mapema, Mfaransa Henri Gastaut na wenzake walikwisha kuuona mdundo wa chini yake kwa kulegeza misuli ya wagonjwa kwa dawa: karibu mara 10 kwa sekunde, kisha ukipungua kasi kadiri mwili unavyotoka kwenye kukakamaa na kuingia kwenye kutukutika. Wataalamu wa Buenos Aires waliziacha kando kasi za misuli, wakaufuatilia mdundo huo sekunde kwa sekunde bila kumlegeza mtu yeyote.

Mwaka 1998, Ivan Osorio na wenzake huko Kansas wakatumia kiwimbi cha Daubechies katika programu ya kukitambua kifafa papo hapo, mgonjwa akiwa bado amelazwa na nyaya kichwani. Shida iliyobaki ni kwamba kiwimbi kinaona mtikisiko, hakijui umetoka wapi. Kutafuna nako kunatikisa, kupepesa macho nako kunatikisa. Kwa hiyo fundi wa kipimo bado anakaa pembeni ya mgonjwa na kuandika: amemeza mate, amegeuka, amekohoa.