Kusafiri Ugenini: Wanyama wa Nchi na Wenyeji Wake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mpepai)



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache juu ya safari za likizo. Wengi wetu hutamani kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji, tukaone tembo wa Hifadhi ya Niassa. Shauri hilo ni jema; lakini karani atazamaye wanyama tu, asizungumze na wenyeji, hurudi na nusu ya safari.

Tutatoa mfano mmoja. Huko Niassa yuko ndege mdogo awaongozaye watu kwenye makao ya nyuki wa mwituni. Ndege ajua nyuki walipo, lakini hawezi kupasua mti. Mtu ana shoka na moshi. Mtu hutwaa asali, ndege huachiwa nta, nayo ni chakula chake. Wayao humwita kwa kutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno, kama walivyofundishwa na baba zao. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode, Keith Begg na Colleen Begg walitangaza majaribio yao: kwa wito huo, safari 54 katika 100 zilifikisha kwa nyuki, kwa sauti nyinginezo, 16 tu.

Mwaka 2023 likajulikana jambo la pili. Wahadzabe wa kwetu, karibu na Ziwa Eyasi, humwita ndege wa aina ile ile kwa mluzi. Ndege wa Niassa huitikia zaidi wito wa Kiyao. Wa Eyasi huitikia zaidi mluzi wa Kihadzabe. Ikiwa ndege hutaka kusemeshwa kwa desturi ya kwao, sembuse binadamu?

Hapa pana hasara ya kuogopwa. Mahali watu wanapotosheka na sukari ya dukani, wasiende tena porini, ndege naye huacha kuongoza. Na sisi tulioshika kalamu ndio wepesi wa kumdharau mzee mwenye shoka.

Kwa hiyo yafaa tushike mambo matatu. Kwanza, tufikapo kijijini tujitambulishe kwa mkubwa wa mahali. Pili, tumchukue mwenyeji atuongoze, tumlipe haki yake. Tatu, tusikilize kuliko kusema, na tunayoambiwa tuyaandike.

Tena tukirudi, tuwaulize vivyo hivyo wazee wetu wa Umatengo, wangali hai.